Kusakinisha OpenBSD kwenye seva za mbali bila kukaa mbele ya skrini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekodi seva iliyo mbali, anataka iendeshwe na OpenBSD (mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix), na akifungua orodha ya mifumo inayotolewa na mwenye seva haioni. Mifano yote ni ya toleo la 7.7 kwenye amd64, yaani vichakataji vya kawaida vya Intel na AMD vya biti 64. Ukitumia toleo jingine, badilisha 77 popote uionapo.

Kwa nini nijisumbue na usakinishaji wa kujiendesha wakati seva yangu ni moja tu?

Kwa sababu hiyo moja ndiyo itakayoharibika siku usiyoitarajia. Kisakinishi cha OpenBSD ni chepesi mno: maswali machache, unabonyeza Enter mara kadhaa, dakika tano umemaliza. Wepesi huo ndio unaotulaghai. Unaisakinisha kwa mkono, unarekebisha hapa na pale, na baada ya mwaka hukumbuki uligawa diski vipi wala kwa nini `/usr` ni ndogo. Ukiwa na faili la majibu, seva yako yote imeandikwa mahali pamoja. Diski ikifa unaendesha faili lilelile kwenye diski mpya. Mimi siku hizi sihesabu seva kuwa tayari mpaka niwe nimeisakinisha mara mbili kwa faili lilelile, bila kugusa kibodi mara ya pili.

autoinstall ni nini hasa?

Si programu ya pembeni. Ni kisakinishi kilekile cha kawaida, kilichofundishwa kusoma majibu kwenye faili badala ya kukusubiri uyaandike. Kimo ndani ya OpenBSD tangu toleo la 5.5 la mwaka 2014. Kila swali linalotokea kwenye skrini hutafutwa kwenye faili. Likipatikana jibu, linatumika. Lisipopatikana, kisakinishi huchukua jibu la chaguo-msingi, na pale ambapo hakuna chaguo-msingi husimama.

Uzuri wake ni kwamba hakuna lugha mpya ya kujifunza. Ukijua kusakinisha kwa mkono, tayari unajua kuandika faili la majibu.

Faili la majibu linaandikwaje?

Kila mstari una swali, alama ya `=`, na jibu. Si lazima uandike swali zima. Kipande kinatosha, mradi kisifanane na swali jingine. Hili hapa linafanya kazi kwenye mashine pepe ya kawaida:

```
System hostname = mlinzi
Network interface to configure = vio0
IPv4 address for vio0 = autoconf
IPv6 address for vio0 = none
Password for root account = *************
Public ssh key for root account = ssh-ed25519 AAAA... mimi@kazini
Allow root ssh login = prohibit-password
Do you expect to run the X Window System = no
Change the default console to com0 = yes
Which speed should com0 use = 115200
Setup a user = no
What timezone are you in = UTC
Which disk is the root disk = sd0
Location of sets = http
HTTP Server = cdn.openbsd.org
```

Usikariri maswali. Fanya hivi: sakinisha mara moja kwa mkono kwenye mashine pepe, kisha ingia kama root usome barua pepe za ndani kwa amri ya `mail`. Kisakinishi huwa kimemtumia root barua yenye maswali yote uliyoulizwa na majibu uliyotoa, katika muundo uleule wa faili la majibu. Ichukue, ihariri, ihifadhi. Watu wengi wametumia OpenBSD miaka mingi bila kufungua barua ile, na ndiyo msaada mkubwa kuliko mwingine wowote katika kazi hii.

Kumbuka pia kwamba maneno ya maswali hubadilika kidogo kidogo toleo hadi toleo. Faili lililofanya kazi miaka miwili iliyopita lijaribiwe upya kabla ya kuaminiwa.

Zile nyota kwenye nenosiri ni kuficha tu, au ndivyo faili lilivyo?

Ndivyo lilivyo. Nyota 13 kamili maana yake ni: akaunti isiingiwe kwa nenosiri, lakini njia nyingine kama ufunguo wa SSH ziachwe wazi. Unaweza pia kuweka hashi, yaani nenosiri lililogeuzwa lisisomeke, iliyotengenezwa kwa amri ya `encrypt`, au hata nenosiri lenyewe bila kulificha. Hilo la mwisho ninakuomba usilifanye. Faili la majibu hunakiliwa, hutumwa kwa HTTP isiyofichwa, husahaulika kwenye folda za muda. Ufunguo wa umma ukisomwa na mtu mwingine hakuna kilichoharibika.

Kuna jambo moja la kupima. Ukitumia nyota 13, hutaweza kuingia kupitia konsoli (skrini na kibodi ya seva yenyewe, inayofikiwa kwa mbali) siku mtandao ukikataa. Kama mwenye seva anakupa konsoli, weka hashi ya nenosiri refu kwa root na `prohibit-password` kwa SSH. Hivyo konsoli inakubali nenosiri, mtandao haukubali.

Si rahisi zaidi kusakinisha mara moja, kunakili taswira ya diski, na kuimwaga kwenye seva zote?

Ni rahisi, na ni kosa. Mfumo wa OpenBSD ukishawaka kwa mara ya kwanza unakuwa na vitu vyake binafsi: funguo za SSH za seva, mbegu ya namba nasibu kwenye `/etc/random.seed`, siri ya kutengenezea anwani za IPv6 kwenye `/etc/soii.key`, funguo za iked (huduma ya VPN), na utambulisho wa diski ambao `fstab` huutegemea. Ukinakili taswira, seva kumi zinashiriki siri moja. Mwenye kuiba ufunguo wa mojawapo anaweza kujifanya zote.

Unaweza kuvifuta kimoja kimoja kabla ya kunakili, na wapo wanaofanya hivyo kwa umakini. Lakini ni orodha unayopaswa kuikumbuka na kuifuatilia kila toleo jipya linapotoka. Kisakinishi kinakupa seva safi bila wewe kukumbuka chochote.

Mwenye seva ananipa mfumo wa uokoaji wa Linux tu. OpenBSD naiingizaje?

Mfumo wa uokoaji ni Linux ya muda ambayo seva huwaka nayo bila kutegemea diski yake. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kisakinishi chote cha OpenBSD kimo ndani ya kerneli moja iitwayo `bsd.rd`. Kerneli hiyo imebeba mfumo mdogo wa mafaili unaoishi ndani ya RAM. Ukiweka faili liitwalo `auto_install.conf` kwenye mzizi wa mfumo huo mdogo, kisakinishi kikiwaka kitaliona na kuanza kazi chenyewe baada ya sekunde tano. Hakihitaji seva ya DHCP iliyoandaliwa maalumu wala mtu wa kubonyeza chochote.

Kazi ya kuliingiza faili hilo ifanyie kwenye OpenBSD nyingine, hata mashine pepe kwenye kompyuta yako. Linux kwa kawaida husoma mfumo wa mafaili wa OpenBSD lakini haiuandiki. Shusha `bsd.rd`, `miniroot77.img` na `SHA256.sig`, kisha, ukiwa root:

```
signify -C -p /etc/signify/openbsd-77-base.pub \
    -x SHA256.sig bsd.rd miniroot77.img
gzip -dc bsd.rd > rd
rdsetroot -x rd rd.fs
vnconfig vnd0 rd.fs
mount /dev/vnd0a /mnt
cp auto_install.conf /mnt/
umount /mnt
vnconfig -u vnd0
rdsetroot rd rd.fs
gzip -9c rd > bsd.rd.mpya
```

Mstari wa `signify` usiuruke. Ndio unaokuhakikishia kwamba ulichoshusha ni kile ambacho waundaji wa OpenBSD walikitia sahihi. Baada ya hapo wewe ndiye unayekibadilisha, kwa hiyo ni nafasi yako ya mwisho ya kuhakiki.

Mstari wa kwanza wa `gzip` nao watu huusahau: `bsd.rd` husambazwa ikiwa imebanwa, na `rdsetroot` haiwezi kuifungua ikiwa katika hali hiyo. Sasa iweke kerneli mpya ndani ya miniroot, ambayo ni taswira ndogo ya diski inayojua kuwaka yenyewe:

```
vnconfig vnd0 miniroot77.img
mount /dev/vnd0a /mnt
ls -l /mnt
cp bsd.rd.mpya /mnt/bsd
umount /mnt
vnconfig -u vnd0
```

Nafasi ndani ya miniroot ni finyu, ndiyo maana tuliibana kerneli tena. Kama unatumia konsoli ya siriali, kabla ya `umount` andika pia `/mnt/etc/boot.conf` yenye mistari miwili: `stty com0 115200` na `set tty com0`.

Sasa washa seva kwenye mfumo wa uokoaji, hakikisha jina la diski kwa `lsblk`, kisha kutoka kwenye kompyuta yako:

```
ssh root@192.0.2.10 'dd of=/dev/sda bs=1M conv=fsync' < miniroot77.img
```

Zima hali ya uokoaji kwenye jopo la usimamizi, washa upya seva, na usubiri. Seva za kawaida hurudi baada ya dakika chache, zikijibu SSH kwa ufunguo wako.

Nimeandika kisakinishi kwenye diski ileile inayosakinishwa. Hakitajifuta chenyewe katikati ya kazi?

Kitaifuta nakala yake iliyo kwenye diski, na hakuna neno. Wakati huo chenyewe kipo ndani ya RAM na hakiitegemei diski tena.

Kinachofutika kwa hasara ni mafaili ya mfumo, kama uliyaweka kwenye diski hiyohiyo. Kwa hiyo kwa njia hii mafaili lazima yatoke kwenye mtandao, na mtandao lazima ufanye kazi ndani ya kisakinishi. Swali linalofuata ndilo linaloamua kama utafaulu.

Nitajuaje OpenBSD itaiita kadi yangu ya mtandao jina gani?

Linux inaita kadi `eth0` au `enp1s0`. OpenBSD huiita kwa jina la kiendeshi chake. Ukiwa kwenye mfumo wa uokoaji, endesha `lspci` usome kadi ni ya nani. Virtio, yaani kadi ya mashine pepe, itakuwa `vio0`. Intel za gigabiti za kawaida ni `em0`, I225 na I226 ni `igc0`, X520 ni `ix0`, X710 ni `ixl0`. Realtek ni `re0`, Mellanox za kisasa ni `mcx0`, VMware ni `vmx0`, na Broadcom hugawanyika kati ya `bge`, `bnx` na `bnxt`.

Kama kadi ni nyingi, namba ya mwisho huwa ya kubahatisha. Ipo njia bora: swali la kadi ya mtandao hukubali pia anwani ya MAC, yaani namba ya kadi yenyewe. Isome kwa `ip link` kwenye mfumo wa uokoaji, iandike kwenye faili la majibu, na suala la majina linaisha. Mimi hutumia MAC hata pale ninapolijua jina, maana nimewahi kupoteza jioni nzima kwa seva iliyosakinishwa vizuri kabisa ambayo mtandao wake ulikuwa umeelekezwa kwenye kadi isiyochomekwa waya.

Lango langu liko nje ya mtandao niliopewa, na anwani yangu ni /32. Kisakinishi hakielewi.

Baadhi ya wenye seva hugawa anwani hivyo: /32 maana yake ni anwani moja peke yake, bila majirani. Kama wana DHCP, tumia `autoconf` wakati wa kusakinisha, kwa kuwa njia ya kulifikia lango hutumwa ndani ya DHCP yenyewe. Ukitaka anwani ya kudumu baadaye, weka `hostname.vio0` yako (faili la usanidi wa kadi hiyo) ndani ya site77.tgz, ambayo nitaieleza mbele:

```
inet 203.0.113.10 255.255.255.255
!route add -inet 198.51.100.1/32 -link -iface vio0
!route add default 198.51.100.1
```

Kama hawana DHCP, usipigane na kisakinishi. Nenda kwenye njia ya QEMU.

Njia ya QEMU ndiyo ipi?

QEMU ni programu ya kuendesha mashine pepe. Ndani ya mfumo wa uokoaji wa Linux unawasha mashine pepe, na diski halisi ya seva unaipa mashine hiyo kana kwamba ni yake. Unasakinisha ndani ya mashine pepe kwa `install77.iso`, ambayo ina mafaili yote, kwa hiyo jibu la `Location of sets` linakuwa `cd0` na mtandao hauhitajiki kabisa. Ukimaliza unazima QEMU na kuwasha seva yenyewe.

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 \
    -drive file=/dev/sda,format=raw \
    -cdrom install77.iso -boot d \
    -nic user,mac=MAC_YA_SEVA -nographic
```

Mitego yake ni mitatu. Wa kwanza ni kadi ya mtandao: QEMU ina kadi yake, seva ina yake, kwa hiyo `hostname.em0` uliyoitengeneza humo haitakuwa na maana nje. Ndiyo sababu nimeipa QEMU anwani ya MAC ya seva na kutumia MAC kwenye usanidi. Wa pili ni namna ya kuwaka: QEMU huwaka kwa BIOS ya zamani usipoiambia vinginevyo, na kama seva yako ni ya UEFI (namna mpya ya kuwaka) pekee, itakataa diski hiyo. Angalia kama folda ya `/sys/firmware/efi` ipo kwenye mfumo wa uokoaji. Ikiwapo, iwashe QEMU kwa OVMF, ambayo ni UEFI ya mashine pepe. Wa tatu ni konsoli, kwa sababu `-nographic` huonyesha siriali tu, na CD ya kawaida huanza kwa skrini. Kwenye kidokezo cha `boot>` andika `set tty com0` kabla sekunde zake chache hazijaisha.

Jina la diski halikusumbui hapa. `fstab` ya OpenBSD hutaja diski kwa utambulisho wake wa kudumu, kwa hiyo `wd0` ya ndani ya QEMU ikigeuka `sd0` nje, mfumo unawaka vilevile.

Nina seva nyingi kwenye mtandao wangu mwenyewe. PXE inafaa?

PXE ni kuwasha mashine kupitia mtandao badala ya diski. Inafaa sana, na ndiyo njia iliyofikiriwa tangu mwanzo. DHCP yako itaje faili la kuwashia kwa jina la `auto_install`, ambalo kwenye TFTP (seva inayotoa mafaili ya kuwashia) ni kiungo tu cha kwenda `pxeboot`, au `BOOTX64.EFI` kwa mashine za UEFI. Jina hilo ndilo linaloiambia mashine isakinishe bila kuuliza. Kisha kisakinishi huomba kwa HTTP, kutoka kwenye `next-server`, faili la majibu lenye anwani yake ya MAC mbele, kwa mfano `00:11:22:33:44:55-install.conf`. Lisipokuwapo hutafuta lenye jina la seva, na mwisho kabisa `install.conf` ya wote.

Onyo moja tu: mashine iliyopangwa kuwaka kwa mtandao kila mara itasakinishwa upya kila mara. Ikishamaliza, ondoa ruhusa yake kwenye DHCP.

site77.tgz ni nini, na kuna ubaya gani kuacha kuitumia?

Ni kifurushi chako mwenyewe ambacho kisakinishi hukifungua juu ya mfumo baada ya vifurushi rasmi. Weka humo `pf.conf`, `doas.conf`, `sshd_config`, chochote kilicho chako. Ukiwa na seva zenye kazi tofauti unaweza kutengeneza `site77-mlinzi.tgz`, na itafunguliwa kwenye seva iitwayo mlinzi pekee.

Kikiwa ndani yake na skripti iitwayo `install.site`, itaendeshwa mwishoni kabisa, ndani ya mfumo mpya. Ila wakati huo kerneli inayofanya kazi bado ni ya kisakinishi, kwa hiyo si pa kusakinishia vifurushi. Cha kufanya ni kuandika kazi hizo kwenye `/etc/rc.firsttime`, ambayo huendeshwa mara moja tu seva inapowaka, na matokeo yake kutumwa kwa root kwa barua:

```
#!/bin/ksh
cat >> /etc/rc.firsttime <<'MWISHO'
syspatch
pkg_add -I python%3
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
MWISHO
```

Mstari wa mwisho huandika alama ya ufunguo wa seva. Ukiisoma kwenye konsoli, utajua kwamba seva unayoingia kwa SSH mara ya kwanza ni yako kweli.

Kifurushi hiki lazima kikae kwenye seva yako ya HTTP pamoja na vifurushi rasmi, na kitajwe kwenye `index.txt` iliyotengenezwa kwa `ls -nT > index.txt`. Ukisahau `index.txt`, kisakinishi hakitajua kwamba kipo na hakitalalamika. Vilevile, kwa kuwa hakina sahihi ya OpenBSD, kisakinishi kitauliza kama kiendelee bila uhakiki, na jibu la chaguo-msingi ni hapana. Ongeza mstari wa `Continue without verification = yes`, ukielewa unachokubali. Ni kifurushi chako, basi njia inayokifikisha iwe ya kuaminika: HTTPS, au mtandao usiopitiwa na wengine.

Nimetumia site77.tgz, seva imewaka, lakini SSH inakataa ufunguo wangu. Kwa nini?

Karibu kila mara ni umiliki wa mafaili. Ulitengeneza kifurushi ukiwa mtumiaji wa kawaida, ukaandika `tar czf site77.tgz .`, na ile nukta ikabeba folda ya juu kabisa pamoja na namba yako ya 1000. Kilipofunguliwa, `/` au `/root` ya seva ikawa ya mtumiaji 1000. sshd ikiona folda zinazoelekea kwenye `authorized_keys` zinamilikiwa au kuandikwa na mtu mwingine, inakataa ufunguo, na inafanya sahihi.

Tengeneza kifurushi ukiwa root, taja mafaili kwa majina badala ya folda nzima, kisha kisome kwa `tar tvzf site77.tgz` kabla ya kukipakia. Kila mstari uwe na root kama mmiliki na wheel kama kundi.

Diski nizigaweje?

Mgawanyo wa kujiendesha wa OpenBSD ni mzuri kwa kompyuta ya mezani, ila kwenye diski ndogo za kukodi huibana `/usr` au `/var`. Andika kiolezo chako, kiweke kwenye HTTP, na ukitaje kwenye jibu la `URL to autopartitioning template`:

```
/            1G
swap         2G
/tmp         1G-4G   5%
/var         4G-*    30%
/usr         6G
/usr/local   5G-20G  20%
/home        3G-*    40%
```

`/usr` uipe nafasi ya kutosha kuliko unavyodhani. Kila kukicha mfumo unaongezeka kidogo, na `/usr` iliyojaa ndiyo inayovunja masasisho ya mwaka ujao. `/home` nayo isiwe finyu, kwa sababu masasisho hushushwa humo.

Na kabla hujaandika `sd0`, hesabu diski zote zilizopo. Diski ya USB au ya konsoli ya mbali inaweza kuchukua namba ya kwanza. Faili la majibu halina huruma: likiambiwa `sd0`, litafuta `sd0`, hata kama ndiko data yako iliko.

Nipunguze vifurushi vya X (mfumo wa madirisha ya skrini) ili seva iwe nyepesi?

Inawezekana kwa `Set name(s) = -x* -game*`. Mimi siwashauri watu. Baadhi ya programu za seva huhitaji maktaba zilizomo humo, na `sysupgrade` ya kwanza itavirudisha vyote hata hivyo.

Naweza kusimba diski nzima?

Kisakinishi kina swali la kusimba tangu 7.3. Tatizo ni kuwaka: seva itasimama ikisubiri nenosiri kwenye konsoli kila inapowashwa, ukiwa umelala au umesafiri. Kama una konsoli ya uhakika na unakubali kuamka, fanya. Kama huna, simba data peke yake kwenye sehemu ya diski unayoifungua kwa mkono baada ya kuingia kwa SSH, na uache mfumo uwake wenyewe.

Nitajaribuje bila kuhatarisha seva?

Kwenye mashine yenye OpenBSD, vmd (huduma yake ya mashine pepe) inaweza kuigiza PXE: `vmctl start -c -B net -b bsd.rd -m 1G -n uplink -d diski.qcow2 jaribio`. Ukiongeza DHCP na HTTP ndogo zinazotoka kwenye OpenBSD yenyewe, unapata maabara kamili kwenye kompyuta moja. QEMU kwenye Linux nayo inatosha.

Ninachokisisitiza ni kujaribu taswira ileile utakayoimwaga. Usijaribu faili la majibu peke yake kisha ukaamini kwamba miniroot itawaka. Iwashe miniroot yenyewe kwenye mashine pepe yenye diski tupu, usiguse kitu, na usubiri mpaka uingie kwa SSH.

Imesimama katikati, na konsoli inanionyesha alama ya #. Nifanyeje?

Uko ndani ya kisakinishi, na una kila kitu unachohitaji. Soma `/tmp/ai/ai.log`: swali la mwisho ndilo lililokosa jibu au kupewa jibu lisilokubalika. Jaribu mtandao kwa `ifconfig` na `ping`. Rekebisha faili la majibu, tengeneza taswira upya, na umwage tena.

Kama huna konsoli, rudi kwenye mfumo wa uokoaji uangalie diski. Ikiwa bado ina miniroot yako vilevile, kisakinishi hakikufika kwenye kugawa diski, basi shaka mtandao au namna ya kuwaka. Ikiwa imeshagawanywa upya, tatizo liko mbele zaidi, mara nyingi kushusha vifurushi.

Masasisho ya kila miezi sita nayo yanajiendesha?

Ndiyo, na kwa ufundi uleule. OpenBSD hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita na kutunza mawili ya mwisho tu, kwa hiyo kusasisha si hiari. `sysupgrade`, iliyoingia kwenye toleo la 6.6 mwaka 2019, hushusha vifurushi, huhakiki sahihi zake, huweka kisakinishi kama `/bsd.upgrade` pamoja na `auto_upgrade.conf`, kisha huwasha upya. Programu ya kuwashia ikiikuta kerneli hiyo ina ruhusa ya kuendeshwa, huiondoa ruhusa hiyo kwanza ndipo iiwashe. Sasisho likishindwa, seva hairudii kosa bila kikomo. Inawaka tena kwa mfumo wa zamani.

Anza na seva moja usiyoitegemea sana. Soma ukurasa wa masasisho wa toleo husika, endesha, ukirudi fanya `sysmerge` na `pkg_add -u`, kisha siku ya pili nenda kwenye nyingine. Usiziwashe zote upya kwa amri moja.

Na nikitaka kusakinisha upya seva ambayo tayari ni OpenBSD?

Hapo huhitaji hata mfumo wa uokoaji. Nakili `bsd.rd.mpya` uliyoitengeneza juu, iweke kama `/bsd`, na uwashe upya. Diski itafutwa yote na seva itarudi mpya, kwa hiyo data iwe imeshatoka humo, na nakala yake iwe imefunguliwa ikasomeka, kabla ya kuandika `reboot`.